Tuanzie Bombani: Kufundisha Upotevu wa Misitu katika Mkoa wa Tanga

Walimu wengi wa Mkoa wa Tanga wamekwisha kufundisha somo la uharibifu wa misitu mara nyingi, nao wanajua jinsi linavyokwenda. Mwalimu huandika ubaoni sababu za ukataji wa miti, kisha madhara yake, kisha njia za kuuzuia. Wanafunzi hunakili. Siku ya mtihani hueleza barabara kwamba ukataji wa miti huleta jangwa. Baada ya mtihani mwanafunzi yuleyule hurudi nyumbani, hushika panga na kwenda kutafuta kuni. Hatumlaumu, kwa maana alichojifunza darasani hakikuwa na uhusiano wowote na panga lake. Jangwa alilolitaja hajapata kuliona, na akichungulia dirishani pale Muheza huona michungwa, migomba na minazi iliyostawi.

Katika makala haya tunaeleza njia nyingine, ambayo sisi wakufunzi tumeitumia pamoja na wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Njia yenyewe ni kuanza na kitu ambacho kila mtoto hukigusa kila siku, yaani maji, na kuyafuata nyuma mpaka yanakotoka. Njiani wanafunzi watakutana na msitu, na watakutana pia na watu wanaoukata. Hawa wa pili ndio ambao somo letu la kawaida huwapita haraka mno.

Safari ya maji

Somo la kwanza lahitaji ndoo moja ya maji na swali moja: Maji haya jana yalikuwa wapi? Katika shule za Mji wa Tanga watoto watajibu kwamba yalikuwa bombani, na mwalimu asiwacheke. Aulize tu: Na juzi? Hapo ndipo ramani inapoanza kuhitajika.

Maji ya Mji wa Tanga hutoka Mto Zigi. Mto huu huanza katika milima ya Usambara Mashariki, katika misitu ya Amani na vijiji vilivyo kandokando yake, huteremka hadi nchi ya chini ya Muheza, hupokea maji ya Mto Kihuhwi, kisha huingia katika Bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Maji ya bwawa hilo husafishwa na kupelekwa mjini. Yanayobaki huendelea na kumwagika katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji. Kwa hiyo mtoto wa Ngamiani anayekunywa maji saa nne asubuhi anakunywa mvua iliyonyesha juu ya Amani. Jambo hili likieleweka, nusu ya somo imekwisha kufundishwa.

Tunashauri ramani isichorwe ubaoni bali chini, uwanjani. Mchanga ulundikwe kuwa milima upande wa magharibi, kamba ya katani iwe mto, sahani iwe bwawa, na upande wa mashariki uchorwe mstari wa pwani kwa majivu. Wanafunzi wasimame mahali pa Amani, Muheza, Mabayani na Tanga. Kisha wa Amani aulizwe kiasi cha mvua anachopata, na wa Tanga vilevile. Kule juu hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mjini pungufu ya hapo kwa mamia ya milimita. Tofauti hii iwekwe kwa vijiti viwili vilivyopimwa kwa rula, kijiti kimoja kirefu kuliko kingine. Watoto wataona wenyewe kwamba mji unaishi kwa kuazima.

Shule zilizo mbali na Zigi zisilazimishe mto huu. Lushoto wanavyo vijito vyao, Korogwe wana Mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, na Handeni somo lianze na lambo au kisima. Lililo muhimu ni maji yale ambayo mtoto anayateka yeye mwenyewe.

Tusiseme zaidi ya tunayoyajua

Kabla ya kuendelea, twaomba walimu wajihadhari na sentensi moja iliyozoeleka sana: “Msitu ukikatwa, mvua haiji.” Sentensi hii ni rahisi kukariri, lakini mtoto mwerevu ataipinga. Mwaka 1997 na 1998 mvua za El Niño zilinyesha kwa nguvu nchini kote, mahali penye miti na mahali pasipo na miti. Mvua nyingi ya pwani yetu huletwa na pepo zitokazo baharini, na pepo hizo hazimsubiri mtu apande miti. Ni kweli kwamba misitu hurudisha mvuke mwingi hewani, na kwamba kule juu milimani majani hukamata ukungu na kuudondosha chini kama mvua ndogo. Lakini mwalimu anayeahidi kwamba miti mia moja ya shule italeta mvua mwaka ujao anajitafutia aibu, na siku ile wanafunzi watakapomwona amekosea, watayatilia shaka hata yale ambayo ni kweli kabisa.

Yaliyo kweli kabisa ni haya. Udongo wa msituni umefunikwa na majani makavu na umejaa mizizi na matundu ya wadudu, kwa hiyo maji ya mvua huzama. Yaliyozama hutoka polepole kwenye chemchemi miezi mingi baadaye, hata Januari na Februari jua linapowaka. Ukiondoa kifuniko kile, matone hupiga udongo moja kwa moja, vitundu huziba, maji hukimbia juu ya ardhi na kubeba udongo. Mto hufurika Aprili, nao hupungua mno wakati wa kiangazi. Tope lililobebwa hutuama bwawani na kula nafasi ya maji. Mvua inaweza kuwa ileile. Kilichobadilika ni saa ya kuyapata maji na rangi yake.

Jaribio la masanduku matatu

Sehemu hii tutaieleza kwa kirefu, maana ndiyo ambayo wanachuo wetu waliifurahia kuliko nyingine, na ndiyo inayoharibika kwa urahisi.

Yatafutwe masanduku matatu ya mbao yaliyo sawa, au madebe matatu yaliyokatwa kwa urefu. Upande mmoja wa kila sanduku uchongwe mdomo wa kumwaga maji. Yote yajazwe udongo wa aina moja, uliotoka shimo moja. Katika la kwanza zipandwe nyasi, na hapa ndipo maandalio yanapotakiwa mapema, kwani nyasi zahitaji wiki nne au tano ili mizizi ishike. Mwalimu atakayebandika nyasi alizozing’oa asubuhi ileile ataona maji yakipita chini yake, na jaribio litamsaliti. La pili lifunikwe kwa majani makavu tu, unene wa vidole viwili. La tatu liachwe wazi.

Masanduku yainuliwe upande mmoja kwa matofali, mwinamo uwe sawa kwa yote. Chini ya kila mdomo iwekwe chupa ya kioo. Kisha mwanafunzi mmoja, si watatu, amwage maji kwa kopo lililotobolewa matundu madogo, kiasi kilekile na kimo kilekile, juu ya kila sanduku kwa zamu. Mwingine ahesabu sekunde tangu maji yaanze kumwagwa mpaka tone la kwanza lifike chupani, na tangu kumwaga kukome mpaka tone la mwisho lidondoke. Namba hizi mbili ndizo somo zima. Katika sanduku lililo wazi maji hufika upesi na hukoma upesi, nayo ni mekundu. Katika lile la nyasi huchelewa kufika, na hudondoka kwa muda mrefu, nayo ni meupe au yana rangi hafifu.

Tumeongeza sanduku la majani makavu kwa sababu maalumu. Vitabu vingi hutumia mawili tu, na wanafunzi huondoka wakiamini kwamba mti wowote uliosimama ni ulinzi. Lile la pili huwaonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na kinachofunika ardhi. Mwalimu wa Muheza anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kuwapeleka wanafunzi katika mitiki ya Longuza siku ya mvua. Jani la mtiki ni pana, hukusanya maji na kuyaachia kwa matone makubwa kutoka juu sana, na pale ambapo moto umepita chini ya miti au majani yameondolewa, matone hayo huchimba udongo. Mitiki ina faida yake, nayo huleta fedha na mbao nzuri. Lakini shamba la miti na msitu si kitu kimoja, na mtoto aliyeona masanduku matatu hatavichanganya.

Chupa zisimwagwe baada ya kipindi. Zifungwe, ziandikwe, ziwekwe dirishani. Kesho yake tope litakuwa limetuama, na rula itawekwa kupima unene wake.

Nani aliyekata?

Darasa linapofika kwenye sababu za ukataji, jibu la kwanza siku zote ni “wananchi”, na la pili ni “wakulima na wachoma mkaa”. Majibu haya yana ukweli, lakini ni ukweli nusu, na katika mkoa wetu nusu ile nyingine ni rahisi kuionyesha.

Miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki ili kupanda kahawa. Udongo ule wa msituni, ulioonekana kuwa na rutuba isiyokwisha, ulichoka upesi, maana rutuba ilikuwa katika miti na majani yaliyooza na wala si ndani ya ardhi yenyewe. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo nchi tambarare kati ya Tanga na Korogwe ikageuka mashamba ya mkonge, na misitu ya nchi ya chini ikapotea kabla watu hawajapata kuihesabu miti yake. Mwaka uleule wa 1893 ilianza kujengwa reli ya Tanga. Baadaye reli ndogo ikapelekwa kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao. Mwaka 1902 ilifunguliwa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo ya Amani, ambayo ilijaribisha mamia ya mimea ya kigeni na iliyotoka sehemu nyingine za Afrika.

Mmoja wa miti hiyo wanafunzi wanastahili kuujua. Ni Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Kwao, katika nchi za Ziwa Viktoria, ni mti mwema usio na ubaya. Huku Amani ulipandwa mwanzoni mwa karne ya 20, na ulitulia kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 uvunaji wa magogo kwa mitambo, uliosaidiwa na fedha za Finland, ulifungua mianya mikubwa msituni. Hondohondo hupenda matunda ya musizi. Walikula, wakaruka, wakadondosha mbegu katika mianya ile. Miti ya asili haikuwahi. Uvunaji ulisimamishwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, na Finland hiyohiyo ikagharimia mradi wa kuhifadhi misitu ya Usambara Mashariki kuanzia mwaka 1991. Mwaka 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ya kwanza ya aina yake nchini. Lakini hondohondo hawakupewa taarifa.

Ndipo tunapomjia mkulima. Kuanzia katikati ya karne iliyopita wakulima wa Usambara Mashariki walipanda iliki chini ya miti mikubwa. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo walifyeka vichaka na miche michanga tu, na kwa mtu apitaye njiani msitu ulionekana mzima. Kumbe ulikuwa msitu usio na watoto. Miti mizee ilipoanguka hapakuwa na ya kuirithi, iliki nayo ikadhoofu baada ya miaka kadhaa, na shamba likageuzwa kuwa la mahindi au mihogo. Mapema miaka ya 2000 wakulima zaidi ya elfu moja waliambiwa waache mashamba yao ya iliki pale Derema ili misitu miwili iunganishwe, na fidia ililipwa kwa awamu kwa muda wa miaka kadhaa. Wanyama na mimea walipata njia. Wakulima walipoteza zao lililowalipia karo na mabati. Mwalimu asiogope kuyasema yote mawili kwa pamoja. Darasa la sita linaweza kuyabeba.

Jambo tulilolishuhudia katika somo hili ni kwamba mtoto wa mchoma mkaa, ambaye kwa kawaida hujikunyata mada hii inapotajwa, huinua kichwa anaposikia habari za reli ya Sigi na mashamba ya mkonge. Hatusemi hayo ili baba yake aonekane hana kosa. Twayasema kwa kuwa mtoto aliyekaa kama mshtakiwa hajifunzi.

Hesabu ya mkaa

Mwalimu wa hisabati apewe kipindi kimoja. Tanuri la udongo lililotengenezwa kwa namna iliyozoeleka hutoa kilo 1 ya mkaa kwa kila kilo 5 hadi 10 za kuni kavu. Tofauti hii kubwa hutokana na ufundi wa kupanga magogo, ukavu wa kuni na uangalizi wa hewa. Basi gunia la kilo 50 lina kilo 250 hadi 500 za kuni ndani yake. Wanafunzi waulizwe nyumba zao humaliza gunia moja kwa siku ngapi, wapige hesabu ya mwaka, kisha ya mtaa. Namba zinazotokea huwanyamazisha bila mwalimu kuongeza neno. Tathmini ya misitu ya taifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza hekta 372,816 za misitu kila mwaka. Baada ya kupiga hesabu ya mtaa wao, mwanafunzi ana njia ya kuifikia namba hiyo. Kabla ya hapo ni namba tu.

Swali la pili la hesabu hiyo ni lenye matumaini zaidi. Ikiwa mchomaji atatoka kwenye kilo 10 na kufika kwenye kilo 5, msitu umepata nafuu kiasi gani bila mtu yeyote kuacha kazi yake? Na mama akitumia jiko linalookoa theluthi moja ya mkaa, je? Mwanafunzi aone kwamba kati ya kukata na kutokukata kuna hatua nyingi, na kila hatua ina namba yake.

Funzo la Mlalo

Twafika kwenye namna ya kutafuta tiba, na hapa twataka walimu wakumbuke jambo lililotokea Usambara Magharibi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Lushoto. Watu waliamriwa kujenga matuta katika mashamba ya miteremko, na waliokaidi walishtakiwa na kutozwa faini. Elimu iliyokuwa nyuma ya matuta haikuwa mbaya. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake iliwaangukia wanawake, na wenye mashamba madogo waliumia kuliko wengine. Watu wakapinga, na upinzani huo ukaungana na siasa za kudai uhuru. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ulikuwa umeachwa, na kwa muda mrefu baadaye neno matuta lilikuwa chungu masikioni mwa Wasambaa.

Ajabu ni kwamba Wasambaa hawakuwa na haja ya kufundishwa kwamba nchi huugua. Lugha yao ina usemi wa kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Semi hizo zilihusu mvua, mavuno, utawala na amani kwa pamoja. Mtu aliyetaka kufundisha angeanzia hapo. Mwaka 1981 ulipoanza mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko huko Lushoto, kwa msaada wa Ujerumani, walipanda majani ya ng’ombe na miti kwa kufuata kontua, na mkulima akapata malisho na kuni kutoka katika mstari uleule uliozuia udongo wake. Matatizo hayakukosekana, lakini mkulima aliona faida yake kabla ya kuambiwa ya taifa.

Kwa nini tunalitia jambo hili katika jarida la mbinu za kufundishia? Kwa sababu mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kusema “msikate miti” anafanya, kwa kiasi kidogo, kile alichofanya bwana shamba wa mwaka 1946. Amri yake ni ya haki, nayo haitatiiwa. Kampeni ya Misitu ni Mali, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilielekea njia iliyo bora zaidi kwa kuwaweka watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Twaweza kufanya hivyo darasani.

Mjadala uendeshwe hivi. Wanafunzi wagawanywe kuwa watu wanne: mchoma mkaa wa kijiji kilicho kando ya msitu, mama lishe wa Tanga anayenunua mkaa, ofisa misitu, na mtu wa idara ya maji. Kila mmoja apewe dakika tatu za kueleza anachohitaji, si anachowalaumu wengine. Kisha kundi zima litafute jambo moja ambalo wote wanne wanaweza kulikubali kwa mwaka mmoja. Mara nyingi watoto hupendekeza kwamba anayekunywa maji mjini amlipe kitu anayelinda chemchemi mlimani. Mwalimu akisikia hivyo asiseme kwamba ni ndoto. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wamejiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi kingo za mito, na mamlaka ya maji ya Tanga imeshirikiana nao kwa faida yake yenyewe, kwa kuwa maji yenye tope ni ghali kuyasafisha.

Wanafunzi waelezwe pia kwamba njia nyingine zilianza vizuri zikakwama. Karibu na Amani wanakijiji walifuga vipepeo na kuwauza nchi za nje, na fedha zao zilitegemea msitu kubaki. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na soko hilo likafungwa. Mbegu za msambu, zitoazo mafuta, nazo zimepata wanunuzi tangu miaka ya 2000, na bei yake hupanda na kushuka. Watoto wakijua haya hawatadhani kwamba tiba ni moja, wala kwamba ikishindwa moja zimekwisha zote.

Kwa shule za pwani

Walimu wa Moa, Tongoni na Pangani wana msitu wao, nao ni mikoko. Hapo hakuna haja ya kupanda mlima. Maji yakitoka, wanafunzi wataweza kutofautisha mkoko wenye mizizi ya miguu mingi, mchu unaochomoza mizizi kama penseli, mkandaa, msinzi, na mlilana unaosimama mbele kabisa kuelekea bahari. Wazee wao watawaeleza ipi ilifaa boriti, ipi ilitoa rangi ya ngozi, na namna majahazi yalivyopeleka boriti hadi Arabuni. Mikoko imeliwa na tanuri za chokaa na vyungu vya kuchemshia chumvi, vitu ambavyo watoto wa huko wanavijua vizuri kuliko sisi.

Onyo moja tu. Shule nyingi hupenda kupanda mikoko kwa sherehe, na miche hupangwa kwenye tope tupu lililo mbele ya bahari au juu ya nyasi za bahari, mahali ambapo mikoko haikupata kuota. Baada ya bamvua chache hakuna kitu. Heri wanafunzi watafute kwanza mahali palipokatwa, wachunguze maji hujaa kwa muda gani, na waone kama miche ya asili inarudi yenyewe. Ikiwa inarudi, kazi yao ni kuilinda.

Jiko la shule

Limebaki jambo ambalo wanafunzi hulifikia kabla ya walimu. Katika darasa moja tulilotembelea, baada ya jaribio la masanduku kufaulu sana, mvulana mmoja aliuliza kwa adabu: “Mwalimu, na kuni tulizoleta Ijumaa zimetoka wapi?” Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alinyamaza kidogo, akaligeuza swali kuwa kazi ya darasa. Huo ulikuwa ualimu wa hali ya juu.

Shule inayopika uji au ugali kwa kuni ni mkataji wa msitu kama wengine, na mara nyingi ni mkubwa kuliko nyumba yoyote kijijini. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na muda wa kwanza uliowekwa ulikuwa Januari 2024. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shule zilizo karibu na barabara kuu zimeanza kupata gesi. Za vijijini, ambako mtungi hufika kwa shida na bei yake ni mzigo kwa kamati ya shule, zitahitaji muda. Wakati huohuo darasa laweza kupima. Kuni za wiki moja zipimwe kwa mizani ya ghala. Wiki ya pili mafiga matatu yazungushiwe ukuta wa udongo, kuni zikaushwe juani, sufuria ifunikwe, maharage yalowekwe usiku. Kisha zipimwe tena. Matokeo yabandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu, si darasani tu.

Kitalu cha shule nacho kifuate hesabu hiyo, isiwe pambo la siku ya kupanda miti. Kama jiko linahitaji kuni za kiasi fulani kwa mwaka, shamba la miti ya kuni, mijohoro kwa mfano, liwe la ukubwa unaolingana, na liwe mbali na chemchemi. Kandokando ya maji ipandwe miti ya asili ambayo wazee wa mahali hapo wataitaja. Mikaratusi isisogezwe huko, kwani hunywa maji mengi.

Kuhusu ratiba, masanduku yaoteshwe nyasi mwezi Februari ili jaribio lifanyike kabla ya masika kushika. Mvua zikianza, wanafunzi wachukue chupa moja ya maji ya mto au kijito chao kila Jumatatu, waiandike tarehe na kuipanga rafuni. Mwezi wa Septemba wafanye vilevile, wakipima pia kina cha maji kwa kijiti kilekile. Rafu hiyo isivunjwe mwisho wa mwaka. Darasa linalofuata lianze na chupa za mwaka uliopita.